Fahamu: Kwa nini ukingo wa Ngorongoro hutunyamazisha

Ukitoka Karatu unapita lango la Lodoare, kisha barabara inapanda msituni, mara nyingi ndani ya ukungu. Ghafla miti inaachana. Chini yako, mita 600 hivi, imetandaa kreta ya kilomita za mraba 260. Abiria waliokuwa wakipiga soga hunyamaza.

Bumbuwazi hilo wanasaikolojia Dacher Keltner na Jonathan Haidt walilieleza mwaka 2003: akili hukutana na kitu kinachozidi vipimo ilivyozoea, ikalazimika kujipanga upya. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti ambamo watalii waliombwa wajichore. Wale wa hifadhi ya Yosemite, Marekani, walijichora wadogo kuliko wale wa eneo la starehe la pwani ya San Francisco. Na kujiona mdogo hapa si unyonge. Wengi hukuta wasiwasi wao umepungua.

Hata hivyo, jicho hutazama kwa mazoea yake. Mgeni hutafuta faru na pembe nzuri ya picha. Mfugaji wa Kimaasai akisimama palepale huona pia malisho, maji na chumvi ya mifugo. Tangu 2022, wakazi walipoanza kuhamishiwa Msomera, Handeni, mjadala umekuwa mkali, na naamini sehemu ya ukali huo inatoka hapa. Anayeitazama Ngorongoro kama mandhari haoni kirahisi kile anachokiacha mtu aliyezaliwa humo: mlima ambao kila asubuhi alikuwa akiutazama kujua kama mvua inakuja.