Arifa za kompyuta na dozi ya mgonjwa

Muuguzi anaandika dozi ya mtoto kwenye kompyuta. Kabla hajamaliza tarakimu ya pili, pembeni mwa kioo kinachomoza kisanduku: kikundi cha harusi kinakumbusha michango. Anakitupia jicho kwa sekunde mbili, kisha anarudi kwenye dozi. Leo tuzungumzie sekunde hizo mbili.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kama kwingine nchini, kumbukumbu za wagonjwa zinahama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye mifumo kama GoTHOMIS. Ni hatua nzuri. Tatizo ni pale kompyuta hiyohiyo inapofunguliwa WhatsApp, barua pepe na matokeo ya Simba na Yanga.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa hospitali mbili za Sydney, Australia. Wauguzi 98 walifuatiliwa wakitoa dawa mara 4,271 kwa wagonjwa 720. Kila muuguzi alipokatizwa, makosa ya kitabibu, kama vile dozi isiyo sahihi, yaliongezeka kwa asilimia 12.7. Utafiti huo ulihusu ukatizaji wa kila aina, si wa kompyuta tu. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Florida, Marekani, walionyesha kuwa mlio wa arifa ya simu unavuruga umakini hata kama mtu hakuigusa simu yenyewe.

Basi tuzime zote? Hapa Kagera tusiharakishe. Mkoa huu umepata Marburg mara mbili, Machi 2023 Bukoba Vijijini na Januari 2025 Biharamulo, na Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda. Mtu anayezima arifa kwa mkono asubuhi husahau kuziwasha, na tahadhari ya mlipuko inaweza kulala hadi kesho yake.

Njia bora ni kuiachia kompyuta yenyewe kazi hiyo kwa skripti, yaani faili dogo la maandishi lenye amri. Kwenye Linux yenye mazingira ya GNOME, amri ni mstari mmoja:

gsettings set org.gnome.desktop.notifications show-banners false

Visanduku havitachomoza tena, ila ujumbe haupotei. Unasubiri kwenye orodha. Ukiandika true badala ya false, vinarudi. Kwenye Windows, skripti hubadilisha thamani iitwayo ToastEnabled: 0 ni kuzima, 1 ni kuwasha. Mtaalamu wa Tehama wa halmashauri anaweza kuzipangia saa: zizimwe saa 2:00 asubuhi foleni inapoanza, ziwashwe saa 7:00 mchana, bila mtu kukumbuka chochote.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, tahadhari ya mlipuko isitegemee kisanduku hata siku moja. Ipigwe simu, ipokewe na aliye zamu, iandikwe.

Na tuelewane: tunazungumzia programu za kompyuta ya mezani. Kengele za mashine zinazofuatilia mapigo ya moyo au oksijeni ya mgonjwa ni jambo jingine kabisa, na haziguswi na skripti hii. Kama kompyuta ni mali ya kituo, mwombe kwanza mganga mfawidhi, maana huenda mfumo wenyewe unatumia arifa hizohizo kukuonya.