Daktari, Niandikie Dawa

Kaa asubuhi kwenye benchi la zahanati yoyote pale Chumbageni, Tanga, utaliona hili kabla jua halijakolea. Mama katoka chumba cha vipimo, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Malaria hakuna. "Sasa daktari, na huu mwili unaochemka?" Tabibu anatupia jicho foleni iliyofika mlangoni, anashusha pumzi, anaandika mseto, dawa ya malaria. Mama anaondoka na shukrani tele. Ukimuuliza getini kahudumiwaje, atakwambia vizuri sana.

Kipimo kimesema hapana, dawa imetoka. Jambo hili limechunguzwa sana katika ukanda wetu huu. Novemba 2004 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti ulioongozwa na Hugh Reyburn, uliofanyika kwenye hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa kwa makini, wenye vimelea walikuwa 2,062 tu, yaani asilimia 46. Wale wengine wakafa zaidi: asilimia 12 yao walifariki, wakati kwa wenye vimelea ni asilimia 7. Baadhi ya wasio na vimelea hawakupewa antibayotiki yoyote. Neno malaria lilikuwa limeandikwa kwenye faili, na likishaandikwa, nani atahangaika kutafuta nimonia?

Utasema basi, dawa yake ni vipimo bora. Vikaletwa. Mwaka 2007 watafiti hao hao walieleza walivyojaribu kipimo cha haraka, kile cha tone la damu na mistari yake. Zaidi ya nusu ya walioonekana hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile.

Clare Chandler na wenzake wakaenda kuwauliza matabibu wenyewe, na majibu yakachapishwa mwaka 2008. Walitaja walivyofundishwa chuoni na desturi walizozikuta kazini. Walitaja pia shinikizo la kile walichodhani wagonjwa wanakitaka. Walichodhani! Mgonjwa huenda hajafungua mdomo, lakini tabibu ameshajipa maksi kwa kumtazama usoni.

Sasa mpe tabibu huyo maksi za kweli, kutoka kwa wagonjwa. Marekani wamefanya hivyo kwa miaka mingi, hadi malipo ya hospitali yanaguswa na alama zinazotolewa na wagonjwa. Mwaka 2012 Joshua Fenton na wenzake walichambua habari za watu wazima zaidi ya 51,000 na kukuta kwamba walioridhika zaidi na madaktari wao walitumia fedha nyingi zaidi kwa dawa, walilazwa zaidi, na hatari yao ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 26. Hilo halithibitishi kwamba kuridhika kunaua. Lakini linatosha kumkosesha usingizi anayeamini kuwa mteja hakosei.

Kwetu vituo vya afya vya msingi vilianza kupewa nyota, sifuri hadi tano, mwaka 2015, na visanduku vya maoni havikosi ukutani. Mimi navitetea. Kufokewa dirishani ukiwa na uchungu wa kujifungua ni dhuluma, na anayeijua ni aliyefokewa. Kauli, usafi, muda wa kusubiri: hapo mgonjwa ndiye hakimu. Kama nimonia inataka mseto, hapo siyo.

Muheza, mwendo mfupi tu kutoka Tanga mjini, ilishiriki jaribio jingine pamoja na Moshi Vijijini. Matabibu walifundishwa, wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu, na kwenye baadhi ya vituo wagonjwa nao wakapewa vipeperushi vya kuwaeleza kwamba si kila homa ni malaria. Dawa za malaria kwa wasiozihitaji zikapungua. Kumbe mama yule akielezwa, anaelewa, na tabibu anapata nafasi ya kusema, "Mama, leo sikuandikii mseto. Homa isiposhuka, au ukiona anapumua harakaharaka, mrudishe mara moja."

Maneno hayo yanachukua dakika mbili. Kwenye fomu za maoni nilizowahi kujaza, sijawahi kuulizwa kama niliambiwa.