Je, Wajua? Gereza la Changuu Halikuwahi Kufunga Mhalifu

Maharusi wa Mfaranyaki, Songea, wakienda fungate Unguja, hawakosi kupelekwa kisiwa cha Changuu. Boti kutoka Mji Mkongwe huchukua kama nusu saa.

Gereza lake lilijengwa mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Zanzibar. Hakuna mhalifu aliyefungwa humo. Kisiwa kikageuzwa karantini: abiria wa meli waliwekwa hapo kuangaliwa kama wana homa ya manjano.

Leo wenye kisiwa ni kobe wakubwa. Wa kwanza walitoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana. Umri wa kila mmoja umeandikwa kwa rangi kwenye gamba, na wengine wamepita miaka 150. Mkune shingoni, ataisimamisha wima, atulie tuli. Vidole tu viwe mbali na mdomo.

Kioja zaidi kiko msitu wa Jozani. Kima punju wa huko hula mkaa. Ndiyo, mkaa! Majani ya mwembe na mkungu wanayoyapenda yana kemikali za kuwasumbua tumbo, na mkaa huzinasa. Kima hawa asili yao ni Zanzibar tu.

Nauli ya Unguja haijatimia? Pandeni gari la Mbinga, mteremke hadi Mbamba Bay. Mchanga upo, na Ziwa Nyasa lina samaki ambao mama hutunza mayai mdomoni mpaka yaanguliwe.