Imani si Hirizi

Mto Rufiji ukaribiapo bahari hugawanyika kuwa mikono mingi, na kati ya mikono hiyo pana visiwa vya matope na misitu mikubwa ya mikoko. Watu wa huko, katika wilaya za Rufiji na Kibiti, huishi kwa maji. Mto ukifurika huacha matope yenye rutuba, na maji yakiisha kupungua watu hupanda mazao ya mlau katika ardhi ile iliyo na unyevu. Lakini maji yale yale yaweza kuharibu. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba nyingi, hata watu wakakimbilia mahali pa juu pamoja na watoto wao, wakiacha nyuma chakula na vyombo.

Mtu aliyepatwa na msiba kama huo, akiwa ni mtu wa sala, huuliza moyoni mwake: Nimemwomba Mungu kila siku, mbona shamba langu limekwenda na maji? Si swali baya, wala si dhambi kuliuliza. Lakini mara nyingi ndani yake mna wazo lililojificha, yaani kwamba imani ni kama hirizi: aliyeivaa hapatwi na neno, na akipatwa, basi ama hirizi ni mbovu au mvaaji ameikosea masharti.

Tamaa ya kupata kinga ni ya wanadamu wote. Mwaka 1904, huko Ngarambe, karibu na mto huo huo wa Rufiji, alitokea mtu jina lake Kinjikitile Ngwale. Watu walisimulia kwamba alizama katika kidimbwi, kisha akatoka nguo zake zikiwa kavu. Naye akawapa watu dawa ya maji, akisema kwamba risasi za Wadachi hazitawadhuru. Wakati ule watu walikuwa wakilimishwa pamba kwa nguvu na kutozwa kodi, nao walikuwa na haki ya kuchoka. Mwanafunzi asiwacheke. Walitafuta neno la kuwaunganisha na kuwaondolea hofu, na kweli hofu iliwaondoka: mwezi wa Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza katika milima ya Umatumbi. Lakini dawa haikuzuia risasi. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na kabla ya vita kuisha mwaka 1907 maelfu kwa maelfu ya watu walikufa, wengi wao kwa njaa.

Je, maji ya ubatizo ni dawa yenye nguvu kuliko ile? Siku 10 tu baada ya kifo cha Kinjikitile, Askofu Cassian Spiss alikuwa safarini kutoka pwani ya Kilwa kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wote watano waliuawa katika nchi ya Liwale. Walikuwa wamebatizwa, na kusali ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kila siku. Basi anayemfuata Kristo ili apate kinga ya mikuki, homa au mafuriko, atafute pengine, maana Kristo hakutoa ahadi hiyo.

Tena Maandiko yenyewe hayafichi jambo hili. Mtume Paulo alikuwa na mwiba mwilini mwake. Alimwomba Bwana mara 3 umwondokee, wala haukuondoka. Alijibiwa kwamba neema yamtosha. Bwana Yesu naye, usiku ule wa Gethsemane, aliomba kikombe kile kimwepuke. Hakikumwepuka. Kama sala ya Mwana wa Mungu ilijibiwa hivyo, haifai kumwambia jirani aliyepotewa na shamba kwamba imani yake ilikuwa haba. Maneno hayo husemwa mara nyingi, na ni ukatili uliovikwa nguo za dini.

Faraja basi ni nini? Mtoto wa Rufiji anayevushwa na baba yake usiku katika mtumbwi aweza kueleza. Giza ni lile lile, mkondo una nguvu, na mamba wamo mtoni. Mtoto haambiwi kwamba mto umekauka. Ila nyuma yake anasikia kafi la baba likiingia majini na kutoka, naye aketi kimya, pengine hata asinzie. Amani ya Mkristo ni ya namna hiyo: haitoki katika maji kutulia, bali katika kujua ni nani aliyemo chomboni.

Kujua huko hakupatikani kwa siku moja. Mtoto alilizoea kafi la baba mchana, siku za maji shwari. Kwa hiyo Wakristo hufundishwa kusali asubuhi na jioni hata wakati ambapo hawana haja kubwa, na kusema kweli wanaposali. Zaburi nyingi si za shukrani. Ni za kulia, kulalamika na kumwuliza Mungu kwa nini amekaa mbali. Watu wa kale waliziimba mbele yake bila kuogopa. Anayemficha Mungu uchungu wake, akileta maneno mazuri tu, amemfanya Mungu kuwa mgeni wa barazani, asiyeruhusiwa kuingia ndani.

Wala amani hiyo haikaushi machozi upesi. Bwana Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atakalolifanya punde.

Mara nyingi pia Mungu hutuma faraja kwa mikono ya watu. Katika vijiji vya Kibiti Wakristo huishi kati ya Waislamu wengi, na siku ya msiba hakuna anayeulizwa dini yake kwanza: huyu huleta kuni, huyu maji, yule hutandika mikeka, nao huketi na wafiwa. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya vivyo hivyo. Waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, pasipo kusema neno, nao wakamfaa. Walipofungua vinywa kumweleza sababu ya msiba wake, ndipo walipokosea. Mwanafunzi ambaye mwenzake amefiwa, au nyumba yao imechukuliwa na maji, na aketi karibu naye darasani, amwazime kitabu, na wakati wa kurudi nyumbani afuatane naye njiani.