JINO LA PEMBE SI DAWA YA PENGO
Wazee wa nchi ya chai wahitaji tabibu aliyesomea uzee

Chai ya Kericho sisi watu wa Mombasa twaijua kwa ladha kabla ya kuijua kwa macho. Mnada wake hufanyika mjini kwetu tangu mwaka 1969, lakini nchi yenyewe iko mbali, juu milimani, na ni wachache kati yetu walioikanyaga. Mimi nilitoka Kericho, nikapita Litein hadi Bomet, na njia nzima ni chai kulia na chai kushoto. Hata hivyo, msomaji mpenzi, leo sitaeleza habari za majani. Nitaeleza habari za vinywa vya wazee nilioketi nao.

Mgeni yampasa kwanza kujua ada. Wakipsigis wa zamani walikuwa waking'oa meno ya mbele ya chini. Wazee husema faida yake ni kwamba mtu akishikwa na pepopunda, taya zikafungana, ataweza kunyweshwa maziwa na dawa kupitia pengo hilo. Basi ukimwona mzee wa miaka themanini ana pengo mbele, usiharakie kusema ni maradhi. Maradhi yako nyuma, kwenye magego.

Mzee mmoja alinikaribisha mursik, yale maziwa ya kibuyu, nami nikamwuliza hali ya chakula. Akanijibu, "Mwanangu, kimyet naitowesha kwa maziwa ndipo ishuke. Nyama nawapa wajukuu." Kimyet ndiyo sima yetu. Akanieleza kwamba gego lake la mwisho liling'olewa, na damu ikamtoka usiku kucha, kwani alikuwa akimeza dawa ya moyo inayofanya damu iwe nyepesi. "Hakuna aliyeniuliza nameza dawa gani," akasema, bila ya hasira.

Swali hilo moja ndilo mlango wa elimu ninayotaka kuizungumza. Kinywa cha mzee si kinywa cha kijana kilichochakaa tu. Ufizi hupanda, mizizi ya meno ikabaki wazi, na mzizi hauna lile gamba gumu linalolikinga jino, kwa hiyo huoza upesi. Dawa nyingi za wazee, zikiwamo baadhi ya zile za presha, hukausha mate, na mate ndiyo maji yanayoosha kinywa mchana na usiku. Ongeza hapo chai ya maziwa yenye sukari nyingi, mara kadha kwa siku, nawe utajua kwa nini magego hayadumu. Kisukari huharibu ufizi, na ufizi mbovu nao huzidisha kisukari. Aliyepigwa na kiharusi hawezi kushika mswaki kwa mkono uliopooza.

Tena si shauri la kutafuna peke yake. Wajapani walichunguza wazee wanaotunzwa katika nyumba maalumu, na mwaka 1999 jarida la kitabibu la The Lancet likatangaza matokeo: waliosafishwa vinywa na watunzaji wao walipata kichomi kwa uchache kuliko wenzao. Uchafu wa kinywani huteremka mapafuni. Wajapani hao hao, tangu mwaka 1989, wana kampeni ya kumfikisha mtu miaka 80 akiwa na meno 20 yake mwenyewe.

Na sisi je? Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha matabibu wa meno mwaka 1974, na leo daktari aweza kurudi pale akajifunza zaidi meno ya watoto, upasuaji wa taya, au meno ya bandia. Mtoto ana bingwa wake. Ni haki yake. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hao nao wanastahili daktari aliyesomea uzee.

Wako watakaosema, wapeni meno ya bandia yaishe. Wahenga walikwisha kujibu: jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya bandia yasiyomkaa mzee sawasawa humchubua ufizi, na akilala nayo kila usiku huzaa ukungu kinywani. Yataka mtu aliyefundishwa kuyapima, kuyarekebisha, na kumwonyesha mkaza mwana namna ya kuyaosha.

Kwa maoni yangu mafunzo hayo yasingoje Nairobi. Bomet ipo hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937 na ambayo leo hufundisha madaktari wa upasuaji. Kericho ipo hospitali ya kaunti. Daktari wa meno aliye kazini na afundishwe papo hapo: kusoma orodha ya dawa kabla ya kushika koleo, kumtibu asahauye jina lake, kumfuata nyumbani asiyeweza kutembea, na kuzungumza naye Kikipsigis kwa adabu.

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika. Dini yetu imetuhimiza mswaki, na wengi twaushika tukiwa na nguvu. Mtazame bibi yako mezani jioni hii. Akiiacha nyama na kuchovya mkate tu, muulize kwa upole ni jino gani linalomuuma, na ni dawa gani anazomeza.