Spoila ya Datsun ilivyomfungua mdomo mwanangu

Kijana akifikisha miaka 16, maneno yake nyumbani huhesabika. “Shikamoo.” “Nimeshakula.” “Sawa.” Ukiongeza swali, macho yanarudi kwenye simu.

Wa kwangu alikuwa hivyo tangu Februari, aliporudi jioni moja goti limechubuka na suruali imechanika. Alisema ameanguka mpirani. Mama yake alimsafisha kidonda, mimi nikamuuliza maswali mfululizo, naye akazidi kunyamaza.

Hakuja kufunguka kwa kikao cha familia wala kwa ukali. Alifunguka siku tulipokuwa tunafunga spoila mbele ya gari aliloacha marehemu babu yake.

Gari la mashindano

Ni Datsun 240Z, gari dogo la watu wawili lenye boneti ndefu na injini ya lita 2.4 ya silinda sita. Wanaokumbuka mbio za Safari za Afrika Mashariki wanalijua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na gari la aina hiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na msomaji ramani wake Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, hadi ikabidi itumike kanuni ya kuwatenganisha.

Baba yangu alisimulia habari hizo kila alipolipangusa gari lake. Mwanangu alipoona picha ya 240Z yenye spoila ya mbele, alinifuata mwenyewe. “Baba, na sisi tuifungie, ikimbie zaidi.”

Kwa miezi miwili hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote. Nikakubali, kwa sharti moja: kabla ya kufunga, ajue kazi ya spoila.

Haiongezi nguvu

Wengi hudhani spoila huongeza kasi. Haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Kazi yake ni kupunguza hewa inayopita chini ya gari.

Mfikirie upepo unavyoingia chini ya bati la paa lililolegea: unalinyanyua. Magari mengi ya zamani ya aina hii hupatwa na jambo kama hilo. Yakienda kasi sana, sehemu ya mbele huwa nyepesi na usukani hauna uzito mkononi. Spoila iliyofungwa chini ya bampa huizuia sehemu ya hewa hiyo, na matairi ya mbele yakaendelea kuikamata barabara.

Nguvu ya hewa hupanda haraka kuliko mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo maana kwenye kilomita 40 kwa saa mtaani huioni faida yake, ila dereva wa mashindano anaihitaji.

“Kwa hiyo inafanya gari litulie, si likimbie,” alisema. Nikamwambia hapo ameelewa.

Jumamosi tatu

Fundi wa faiba hapa Arusha alitutengenezea spoila, kazi ya kufunga tukabaki nayo wenyewe.

Jumamosi ya kwanza hatukutoboa kitu. Tulipandisha gari kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi mbili imara na kuzuia matairi ya nyuma. Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tukaibandika spoila kwa tepu ya karatasi, tukapima kulia na kushoto mpaka zikalingana, tukahakikisha tairi likikatwa kona haligusi. Kisha tukalishusha gari na kupima nafasi iliyobaki chini, kwa sababu barabara yetu ina matuta manne.

Jumamosi ya pili tulitoboa. Nilimpa drili, miwani ya kuzuia vumbi, barakoa na glavu, maana vumbi la faiba linawasha ngozi na halifai kuvutwa. Tundu la tatu drili iliteleza, likatoka pembeni. Mkono wangu ulishanyooka kumnyang’anya. Nikaurudisha mfukoni.

“Nimeharibu,” alisema.

“Faiba inazibika. Unaonaje tufanye?”

Aliziba mwenyewe, akasubiri ikauke, akapiga msasa, akatoboa upya. Kila tundu kwenye bati la gari alilipaka rangi ya kuzuia kutu, kwa kuwa bati lililotobolewa na kuachwa wazi huanza kuoza hapo hapo.

Jumamosi ya tatu tulikaza bolti. Mimi nilikuwa mbele nimeishika spoila, yeye amelala chini na spana. Tuliweka vipande vya mpira kati ya faiba na nati, na tulikaza polepole, maana faiba ikibanwa kupita kiasi inapasuka. Hatukuwa tunaonana uso.

“Baba,” sauti ilitoka chini, “lile goti halikuwa mpira.”

Nikanyamaza.

“Tulipanda pikipiki ya kaka yake rafiki yangu. Mshikaki, watu watatu. Tulikuwa tunashindana na wengine.”

Nilikuwa na hotuba ya saa nzima kichwani. Nikauliza kitu kimoja tu: “Wenzako waliumia?” Mmoja alivunjika mkono. Akaeleza yote: hawakuwa na kofia ngumu, aliogopa kukataa asichekwe, na tangu siku hiyo halali vizuri.

Tulimaliza bolti mbili zilizobaki. Ndipo tukazungumza, tumekaa chini tumeegemea gari. Tulikubaliana kwamba siku akijikuta mahali kama pale anipigie simu, nitakwenda kumchukua, na maswali yatasubiri hadi kesho yake. Jioni alimweleza mama yake mwenyewe. Mama alilia, kisha akamtengea chakula.

Kwa mzazi mwenzangu

Si lazima uwe na gari la zamani. Baiskeli, redio mbovu au banda la kuku vinatosha, mradi kazi iwe ya kweli na ichukue siku kadhaa. Mwachie mtoto chombo mkononi. Akikosea, mwache arekebishe kabla hujagusa. Na akianza kusema wakati mikono yenu ina kazi, usiiache kazi ukamgeukia na kumkazia macho. Endelea, msikilize.

Jumapili tulilitoa gari mtaani. Kwenye kila tuta mwanangu alitangulia kusema, “Baba, taratibu,” na mara mbili alichungulia mshale wa mwendo nisivuke 50.

Tuliporudi, mama yake alisimama getini akiitazama spoila. “Sasa hiyo inasaidia nini?”

“Kwa mwendo wa baba, mama,” alijibu, “ni urembo tu.”