Deni Lililokula Rambirambi

Mwezi huu hatuwaletei fundisho tulilolisoma tu. Twawaletea jambo lililotupata sisi wenyewe, tena lenye aibu. Tulisita siku nyingi kuliandika, maana si jambo jepesi kwa mwalimu wa dini kusimama mbele ya wale awafundishao na kukiri kosa lake. Lakini tumeona nyumba nyingi za Kikristo zikitumbukia katika shimo lile lile kimya kimya, kila nyumba ikidhani kwamba iko peke yake. Basi yafaa mmoja aseme.

Wazee wetu walitunza fedha katika kisanduku chini ya kitanda. Sisi twaitunza katika simu. Kazi hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, ikafika Tanzania mwaka 2008, na faida yake hakuna awezaye kuikana. Mtoto aliye mjini humpelekea mama yake fedha kijijini kwa dakika moja, wala mtu halazimiki kusafiri na noti mfukoni huku akiogopa wezi. Lakini simu iliyoanza kwa kutunza, baadaye ilijifunza na kukopesha.

Iko namna moja ya mkopo ambayo yataka kuelezwa vizuri. Mtu akitaka kulipa shilingi 10,000, naye ana shilingi 6,000 tu katika simu, hujaziwa zile 4,000 zilizopungua. Hakuna barua, hakuna mdhamini, wala hakuna uso wa mtu wa kumwonea haya. Ada hutozwa, na deni likikaa ada huongezeka. Tena, na hapa ndipo penye neno, fedha yoyote itakayoingia kwanza katika simu ile hukatwa kulipa deni. Simu haiulizi fedha hiyo ni ya nani, wala imeletwa kwa kazi gani.

Sisi tuliijua habari hiyo kwa masikio, lakini hatukuitia moyoni. Tulianza kwa shilingi 2,000 za kumlipa mwendesha bodaboda. Kesho yake zikawa 5,000 za sukari na mafuta. Kila fedha ilipoingia deni lililipwa, tukabaki mikono mitupu, tukakopa tena siku ile ile. Hata ikafika mwezi Desemba mwaka 2023, deni letu la simu lilikuwa shilingi 48,000, na mwenzetu wa ndoa hakujua habari yake hata kidogo. Alipouliza mbona fedha haikai, tulimjibu kwamba vitu vimepanda bei. Jibu hilo lilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni pazia zuri la uongo.

Katika mwezi huo akafariki ndugu mmoja wa jumuiya yetu, akaacha mjane na watoto wanne. Jumuiya ikapatana kwamba kila nyumba itoe shilingi 5,000 za rambirambi, nazo zipelekwe katika simu ya Mwalimu, maana Mwalimu huaminiwa. Nyumba 31 zilitoa, jumla shilingi 155,000. Jioni ya kuamkia maziko tukafungua simu ili tukatoe fedha kwa wakala, tukakuta shilingi 107,000 tu. Shilingi 48,000 zilikuwa zimekwisha kuliwa na deni letu.

Ndugu, hatukuiba kwa mkono. Lakini fedha ya mjane ilikuwa imelipa sukari yetu na bodaboda yetu. Tuliketi nje gizani, tukisikia akina mama wakiimba katika nyumba ya msiba, wala hatukuweza kuinuka. Wazo la kwanza lililotujia lilikuwa kukopa tena penginepo ili kuziba pengo, asijue mtu. Twalitaja wazo hili kwa sababu twajua kwamba ndilo linalowajia wengi, na ndilo linalowamaliza.

Mwenzetu akatoka nje, akatuona. Akasema, “Baba, kuna nini? Umeumwa?” Tukamweleza yote. Hakupiga kelele. Akauliza neno moja tu: “Deni hili ni la tangu lini?” Tukamwambia, tangu mwezi wa nane. Akanyamaza kitambo, kisha akaingia ndani, tukasikia kibubu kikivunjwa. Kibubu hicho kilikuwa chake. Alikuwa akitia humo fedha ya maandazi aliyouza, ili binti yetu aliyefaulu kwenda kidato cha kwanza apate sare, viatu na madaftari. Zilikuwamo shilingi 52,000. Akahesabu 48,000 mkononi mwetu, akabaki na 4,000.

Tukampelekea Mwenyekiti wa jumuiya fedha yote usiku ule, na mwenzetu akiwa pamoja nasi, tukamweleza jinsi ilivyokuwa. Tulitazamia maneno makali. Mzee yule akahesabu fedha mara mbili, akasema, “Mwalimu, afadhali umesema kabla ya kuulizwa. Lakini kuanzia leo fedha yetu haitalala tena katika simu yako.” Ndivyo ilivyokuwa, nasi tukasema ni haki.

Lakini deni halikuishia pale. Lilibadili mlango tu. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Hata hivyo sare na madaftari ni juu ya mzazi. Shule zilipofunguliwa, binti yetu alikwenda wiki ya kwanza amevaa sketi ya bluu ya shule ya msingi katikati ya wenzake wenye sare mpya. Hakulalamika. Wiki ya pili tuliuza debe moja la maharage tuliyoyaweka kwa chakula, tukamnunulia sare. Basi gharama ya deni lile ni ipi? Si shilingi 48,000 tu. Ni kibubu cha mama, na chakula cha nyumba, na wiki moja ya fedheha ya mtoto asiyekosa neno.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi ule ule wa Januari tulinunua daftari la shilingi 500, tukalitundika jikoni pamoja na kalamu. Mwenzetu na sisi tukapatana kuandika kila shilingi iingiayo na kila shilingi itokayo kwa siku 30, pasipo kulaumiana mpaka mwezi uishe. Sharti hilo la kutolaumiana ni kubwa, maana mtu akiogopa kugombezwa haandiki.

Mwezi ulipokwisha tukakaa chini na kujumlisha. Mafuta ya kula tulinunua kwa kipimo kidogo cha shilingi 500 kila siku, jumla shilingi 15,000. Tukavipima vipimo vile, tukaona 12 vyajaza lita moja. Kwa hiyo lita kwa vipimo ilitugharimu shilingi 6,000, na dukani hapo hapo lita nzima iliuzwa shilingi 5,000. Kwa vipimo 30, yaani lita mbili na nusu, tulipoteza shilingi 2,500 kwa kununua kidogo kidogo. Bodaboda kwenda kigangoni na kurudi, mahali pa kutembea nusu saa, mara nane kwa shilingi 2,000, zilikuwa 16,000. Vifurushi vya simu vya shilingi 500 tulinunua 22, yaani shilingi 11,000, na kifurushi kimoja cha mwezi cha shilingi 5,000 kingalitutosha, tulipoteza 6,000. Mwisho, ada za mikopo midogo, maana hata baada ya msiba tulikopa tena mara kadhaa, zilikuwa shilingi 7,000.

Jumlisheni nanyi: 2,500 na 16,000 na 6,000 na 7,000. Ni shilingi 31,500. Sare ya binti yetu iliuzwa shilingi 30,000.

Hapo tukanyamaza wote wawili. Siku zote tulisema mshahara hautoshi, na kweli ni mdogo. Lakini sare ile ilikuwa imepita mikononi mwetu vipande vipande, nasi hatukuiona, kwa kuwa hakuna kipande kimoja kilichokuwa kikubwa hata kitushtue.

Sasa twawaambia mambo tuliyoyashika tangu siku ile, wala hatusemi kwamba ni mageni.

La kwanza, fedha ya watu isilale pamoja na fedha yetu, hata usiku mmoja. Vikundi vya kuweka na kukopa vimetufundisha njia njema. Mpango wa vikundi hivyo ulianza katika nchi ya Niger mwaka 1991, ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Kikundi huwa na sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu mbalimbali, hata pasiwe na mtu awezaye kulifungua peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Jumuiya yetu sasa yatunza rambirambi kwa namna hiyo, na Mwalimu hana ufunguo. Twaona ni neema, maana asiye na ufunguo hana jaribu.

La pili, tukikosa fedha twakopa katika kikundi, si katika simu. Mwanachama hununua hisa kila mkutano kadiri awezavyo, na desturi ya vikundi vingi ni kumkopesha mtu fedha isiyozidi mara tatu ya akiba yake. Riba yake haiendi mbali. Mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni mwaka mmoja, wanachama wagawana akiba yao pamoja na faida. Tena katika kikundi huna budi kusimama na kusema wataka fedha ya nini. Haya ile ya kusema yatuokoa mara nyingi, kwa kuwa ombi lisilosemeka mbele ya majirani mara nyingi ni mkopo usiofaa. Wenye vikundi wakumbuke kwamba sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 yataka vikundi viandikishwe.

Na wale wanaokopa kwa programu za simu wawe na hadhari. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya wakopeshaji wa mtandaoni wasio na leseni. Wako wakopeshaji wa namna hiyo waliopeleka ujumbe kwa ndugu na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Mtu asipokee mkopo kabla ya kuuliza kama mkopeshaji ana leseni, na jumla ya kulipa ni kiasi gani.

La tatu, hakuna mkopo wa siri kati ya mume na mke. Kabla ya kukopa twaulizana maneno matatu. Je, kitu hiki kitaleta fedha ya kukilipia? Jumla yote pamoja na ada ni ngapi? Je, kikingoja mwezi mmoja kutaharibika nini? Mara nyingi swali la tatu hutosha.

La nne, twanunua pamoja na majirani. Nyumba nne zachanga fedha na kununua dumu moja la mafuta, kisha twagawana kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Asiyeweza kununua kingi peke yake aweza pamoja na mwenzake.

La tano ni la sherehe. Komunyo ya kwanza, kipaimara na ndoa ni siku za neema, lakini wahenga walikwisha kuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka jana mtoto wetu mwingine alipokea kipaimara. Tulipika wali na maharage, tukachinja jogoo mmoja, tukawaalika wasimamizi na majirani wachache. Wako walioguna. Lakini Jumatatu yake hakuna mtu aliyebisha hodi akidai.

Walimu wenzetu, twawasihi ninyi hasa. Watu hututazama jinsi tutumiavyo fedha kabla ya kusikia tusemavyo. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mna habari za mjane aliyedaiwa hata wanawe wakataka kuchukuliwa. Nabii Elisha alimwuliza kwanza ana nini nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo tu. Na yalipoongezeka, aliambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yatakayobaki. Angalieni utaratibu huo: kujua kilichomo nyumbani, kulipa, ndipo kuishi. Sisi tulikuwa tumeugeuza: tuliishi kwanza, tukalipa kwa fedha ya wengine, wala hatukujua kilichomo.

Daftari letu bado limetundikwa jikoni, nalo sasa ni la tatu. Mwenzetu amenunua kibubu kingine, naye binti huandika mwenyewe fedha yake ya madaftari. Ndugu msomaji, kama unalo deni ambalo mwenzako halijui, tafadhali usingoje usiku wa msiba. Mwambie leo, kabla taa haijazimwa.